Kompaila mpya yazuia msimbo usiotamkwa

MFANYABIASHARA anayevusha mzigo Namanga au Mutukula anajua tofauti ya onyo na zuio. Onyo huandikwa, lori likapita. Zuio husimamisha lori.

Watengenezaji wa programu za kompyuta walikutana na tofauti hiyo Mei 2024, lilipotoka toleo la 14 la GCC. Hii ni kompaila, yaani programu inayosoma msimbo ulioandikwa na binadamu na kuugeuza kuwa maagizo ya mashine.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa na ulegevu wake. Mwandishi aliweza kuita fanksheni bila kuitamka kwanza, yaani bila kueleza inapokea nini na inarudisha nini. Kompaila ilikisia tu kwamba itarudisha namba nzima. Kanuni za C za mwaka 1999 zilifuta ruhusa hiyo, lakini GCC iliendelea kuonya na kupitisha kwa takriban miaka 25. Na onyo lisilozuia, nani hulisoma?

Kwenye mashine za biti 32 kisio hilo halikuwa na madhara makubwa, maana namba nzima na anwani ya kumbukumbu zilikuwa na ukubwa mmoja. Zilipokuja mashine za biti 64, anwani ikakua, namba nzima ikabaki 32. Fanksheni inakabidhi anwani kamili, aliyeiita anapokea nusu. Ni sawa na kutafuta kontena bandarini ukiwa na nusu ya namba yake. Tena programu yaweza kwenda vizuri kwa miezi, kwa kuwa anwani ndogo hutoshea kwenye nusu hiyo, kisha ikaanguka siku ya kazi nyingi.

Mara nyingi tiba ni mstari mmoja unaotaja faili lenye tamko. Ipo pia njia ya mkato, -fpermissive, inayorudisha zuio kuwa onyo. Inafaa kwa dharura ya usiku mmoja tu.

Mtego mbaya zaidi hauna kelele. Programu nyingi za zamani, kabla ya kujengwa, hujaribu vijisehemu vya msimbo ili kujua mashine ina uwezo gani. Kijisehemu chenyewe kikikosa tamko, kompaila mpya hukikataa, na jaribio huamua kwamba uwezo huo haupo. Programu inajengwa, kosa halionekani, ila kipengele kimeachwa nje. Wahandisi wa Fedora walianza kupekua vifurushi vyao mapema kwa sababu ya hatari hiyo.

Mwenye duka anayetumia programu ya hesabu iliyoandikwa na kijana aliyekwisha kuhama ana jambo la kudai kwanza: msimbo wenyewe, si programu iliyojengwa pekee. Ikijengwa upya, mauzo ya mwezi mmoja yapitishwe kwenye programu ya zamani na mpya, na jumla zilinganishwe kabla ya kompyuta ya zamani kuzimwa.