UNATAKA KUPANGA KISIWANI? Piga hesabu hizi kabla hujatoa kodi



Kila mara napata meseji kutoka kwa mtu wa Dar: "Eti huko Mafia vyumba ni bei chee, nihamie niuzie mtandaoni?" Ni kweli kodi iko chini, ila kodi siyo gharama yote. Mimi nimepanga Kilindoni, nauza madera na viatu vya watoto kupitia WhatsApp, nalala humohumo na mzigo wangu. Hizi ndizo hesabu ninazopiga.

1. ANZA NA BAHARI, SIYO NA CHUMBA
Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, lakini mzigo wa Kariakoo hauji na basi mpaka mlangoni. Unapita Mbagala, unaingia Wilaya ya Kibiti, unafika Nyamisati, ndipo unapanda kivuko au boti hadi Kilindoni. Kusi likivuma katikati ya mwaka bahari inachafuka, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali safari zinaweza kusimama. Kwa hiyo huku huwezi kuagiza pisi mbili mbili kila oda ikiingia. Lazima uwe na akiba ya mzigo ndani. Angalia paa kabla ya kuangalia bei. Chumba cha rahisi kinachovuja, masika ikifika, kinakula mtaji kimyakimya.

2. PANGA WALIPO WATEJA WAKO
Kilindoni ndiyo makao makuu ya wilaya: bandari, uwanja wa ndege, hospitali, soko. Utende kuna hoteli za watalii na lango la Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995. Hela ya kule inafuata msimu, na wanaokuja kuona papa potwe wanakuja zaidi kati ya Oktoba na Machi. Vijijini hela inafuata nazi, samaki na pweza. Wateja wa Chole, Juani na Jibondo mzigo wao unavuka tena maji, kubalianeni mapema nani analipia.

Watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu 46,438, ya 2022 ikapita 66,000. Lakini bado tunajuana. Ukimuudhi mteja mmoja Baleni asubuhi, jioni Kirongwe wameshajua.

3. USIBAKI NA KUTA TUPU
Tuseme fremu ni 60,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita. Hiyo ni 360,000. Kama mtaji wako ni 500,000 umebaki na 140,000, hujatoa nauli ya mzigo wala bando. Utauza nini? Omba miezi mitatu. Huku mara nyingi unaongea na mwenye nyumba mwenyewe, siyo dalali. Mwamkie, kaa kwenye mkeka, mweleze biashara yako. Mtu mzima akikuelewa, anapunguza.

4. ANDIKISHANENI, HATA KAMA MNAPENDANA
Mwaka jana mwenye nyumba wangu alinijia: "Mwanangu, kuna mtu anakitaka chumba, anatoa zaidi. Mwisho wa mwezi utanipisha." Nilikuwa na miezi minne niliyokwisha kuilipia. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Tuliandikiana mpaka Desemba, na mwenyekiti wa kitongoji alisaini." Nikaleta karatasi. Akaisoma kimya, akasema basi, tutaongea Desemba. Bila ile karatasi mzigo wangu ungelala nje.

Mkataba uwe na majina, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ya muda gani, nani anatengeneza paa, na mashahidi.

5. ANGALIA LUKU NA TRA
Kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme: nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Kama unanunua umeme mwenyewe, tunza risiti na kubalianeni ipunguzwe kwenye pango. Pia mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia 10% ya pango na kuipeleka TRA. Hiyo inatoka ndani ya kodi ya mwenye nyumba, siyo juu yake. Mwambieni mapema ili baadaye msigombane, na TRA waulizeni kabla hamjasaini.

Kabla ya kulipa, andika namba tatu kwenye daftari: kodi, nauli ya mzigo, na mtaji unaobaki. Kama unaobaki hauwezi kujaza mzigo wa wiki tatu bahari ikichafuka, hicho chumba siyo chako kwa sasa. Uzia nyumbani kwanza, stetasi ya WhatsApp haina kodi.

Wewe uliko unalipa miezi mingapi kwa mkupuo? Tuambie, kuna mwenzio anataka kupanga wiki hii.