Pumzi Haifichiki

Aprili 25, 2015, tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliikumba Nepal na kuua watu karibu 9,000. Siku chache baadaye, huko Chautara, wanaume wanne walitolewa hai chini ya kifusi cha matofali, udongo na mbao chenye kina cha hadi mita 3. Waliofika kuwaokoa walijua pa kuchimba kwa sababu rada ilikuwa imenasa mapigo ya mioyo yao.

Rada hiyo, FINDER, inabebeka kama sanduku la safari. Ilibuniwa na maabara ya JPL ya NASA pamoja na Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani. Hutuma mawimbi hafifu ya maikrowevu, yenye nguvu takriban sehemu moja ya elfu ya yale ya simu ya mkononi. Wimbi likigonga jiwe hurudi vilevile. Likigonga kifua cha mtu hurudi limebadilika kidogo, maana kifua hakitulii: kupumua hukiinua milimita chache, na moyo hukitikisa chini ya milimita moja.

Wauzaji wa rada hizi hupenda kujivunia unene wa zege inayopenywa. Mimi naona ugumu uko kwingine. Rada humtambua mtu kwa mwendo wake, na penye maafa kila kitu kinakwenda: jenereta, matawi, panya, hata waokoaji wenyewe wanaohema kwa uchovu. Kazi ya kuchuja huachiwa programu ya kompyuta. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 60 hadi 100. Wa panya huenda mbio zaidi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1970 Mmarekani James Lin alikwishapima upumuaji kwa maikrowevu bila kumgusa mtu. Kwa mtoto njiti au majeruhi wa moto, ambaye ngozi yake haivumilii kubandikwa waya, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini aliyebandikwa waya anajua anapimwa; anayepimwa kwa rada huenda asijue. Huko Wichita, Marekani, maafisa walielekeza rada ya mkononi kwenye nyumba ya mtu waliyekuwa wakimsaka, wajue kama kuna anayepumua ndani. Desemba 2014 jaji wa rufaa Neil Gorsuch aliandika kwamba chombo hicho kinazua maswali mazito ya kikatiba. Hakuyajibu, kwa kuwa ushahidi mwingine ulitosha kuimaliza kesi.