Diego Garcia: Kweli au Si Kweli?

Kisiwa hakikuwa na wenyeji, ila vibarua wa muda.

Si kweli, na ndio uongo uliowaumiza Wachagosi, wenyeji wa visiwa vya Chagos, kuliko wote. Mwishoni mwa karne ya 18 Wafaransa walianza kupeleka watumwa kutoka Msumbiji na Madagaska kwenye mashamba ya minazi ya Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Chagos. Vizazi vyao vikazaliwa, vikaoana na kuzikana palepale. Riziki ilikuwa mbata. Wanaume walifua nazi kwa mamia kila siku. Wanawake walizivunja na kuzibandua nyama, kazi ya siku ikihesabiwa nazi 1,200. Mkulima wa Mafia au Pemba angeijua kazi hiyo bila kuelezwa. Ujira ulikuwa haba, sehemu yake ikitolewa kwa posho ya chakula. Uingereza ilipokitenga kisiwa na Mauritius mwaka 1965, maofisa wake walijua kuwa wapo watu waliozaliwa huko. Wakawaita vibarua kwa makusudi, maana koloni lenye wenyeji lingeulizwa habari zake Umoja wa Mataifa.

Manowari ya Kijerumani iliwahi kukirimiwa huko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kweli. Oktoba 1914 manowari hiyo, Emden, ilitia nanga, na kisiwani habari za vita zilikuwa hazijafika. Mabaharia wakamtengenezea msimamizi wa shamba mashua yake ya injini, wakapewa nguruwe na matunda.

Wanajeshi wa kwanza kuweka kambi walikuwa Wamarekani.

Si kweli. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliweka East Point kituo cha ndege za majini aina ya Catalina. Kazi ya mbata haikusimama.

Watu waliondoka kwa hiari kuipisha kambi ya Wamarekani.

Si kweli hata chembe. Kuanzia 1968, waliokwenda Mauritius kutibiwa au kutembea waliambiwa hakuna meli ya kuwarudisha. Chakula kilipunguzwa. Mwaka 1971 mbwa wao walikusanywa ndani ya banda la kukaushia mbata, wakauawa kwa moshi wa magari ya jeshi, wenye mbwa wakijua. Kufikia 1973 visiwa vyote vya Chagos vilikuwa vimeondolewa watu.

Kambi ya Wamarekani haiwezi kukaa pamoja na raia.

Si kweli. Kambi ina wapishi, wafagiaji na mafundi wa kiraia, wengi wao kutoka Ufilipino. Waliozaliwa kisiwani ndio walionyimwa kazi hizo kwa miongo mingi.