Jua Peke Yake Halitoshi: Mifupa ya Wagonjwa Wanaosafishwa Damu



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha wakulima wa mkonge wilayani Korogwe, nilikuta mwanachama mmoja ameandikwa kuwa ni mtoro wa mikutano. Nilipouliza, nilielezwa kwamba figo zake zimeshindwa kazi, naye husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma, kila mara kwa muda wa saa nne hivi. Sasa mifupa inamwuma. Wenzake walimshauri aote jua, kwani jua huleta vitamini D. Ushauri huo ni wa nia njema, lakini ni nusu ya ukweli.

Kila mkulima wa mkonge anajua kuwa jani haliwi nyuzi mpaka lipite kwenye korona. Vitamini D nayo ni vivyo hivyo. Ngozi huitengeneza kwa nguvu ya jua, ini huibadili mara ya kwanza, kisha figo huikamilisha. Hapo ndipo huusaidia utumbo kufyonza kalsiamu iliyomo katika chakula. Korona ikiharibika, kuongeza majani hakuleti nyuzi. Mashine ya hospitali huchuja uchafu na maji yaliyozidi. Kazi hiyo ya figo haiifanyi.

Matokeo yake kalsiamu hupungua katika damu na fosforasi hulimbikizana. Tezi nne ndogo za shingoni huamrisha kalsiamu itolewe mifupani, mithili ya chama kinacholipa madeni kwa kula akiba yake. Mifupa huuma, hudhoofika na huvunjika upesi.

Tiba ipo. Daktari hupima damu, na huweza kutoa vitamini iliyokwisha kukamilishwa, pamoja na vidonge vinavyomezwa wakati wa chakula ili kuzuia fosforasi. Mgonjwa asijinunulie dawa dukani, kwa maana kalsiamu ikizidi huweza kuikausha mishipa ya damu ikawa migumu. Aulize pia kiasi cha dagaa kinachomfaa, na ajiepushe na soda nyeusi na nyama za makopo. Figo iliyopandikizwa huweza kuirudia kazi hiyo. Upandikizaji wa kwanza nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017.

Makatibu wanaombwa mambo mawili: kumwandikia mgonjwa wa namna hii udhuru badala ya utoro, na kupanga siku za malipo zisigongane na siku zake za mashine. Katika chama nilichokikagua, daftari lilisahihishwa siku ile ile.