Je, Wajua? Senene Huyu Ana Mabawa Lakini Hapai

Je, wajua kuwa yuko senene mwenye mabawa mapana ambaye hapai angani maisha yake yote? Jioni za majira ya joto huko Cedar Hill, mji wa vilima vya chokaa kusini-magharibi mwa Dallas, Texas, hujificha juu kabisa kwenye mialoni na kukwaruza kwa sauti kali usiku kucha. Jina lake la kisayansi ni Pterophylla camellifolia.

Kiukoo ni ndugu wa senene wanaoliwa Bukoba na Masaka, kwani wote ni wa familia ya Tettigoniidae. Ila senene wetu, Ruspolia differens, hupaa makundi kwa makundi na kufuata taa. Yeye ni wa nusufamilia ya Conocephalinae. Huyu wa Texas ni wa Pseudophyllinae, walio mabingwa wa kujifananisha na majani. Mwanasayansi Fabricius ndiye aliyemwelezea kwanza, mwaka 1775. Jenasi ya Pterophylla ina spishi nyingine Mexico.

Mtazame kwa karibu. Ni wa kijani, urefu sentimita 5 hivi. Mabawa ya mbele yana mishipa iliyochorwa kama ya jani, nayo yamebinuka yakaufumbata mwili pande zote. Chini ya bawa la kushoto pana safu ya vijino kama tupa. Dume akitaka kuita, huvikwaruza kwa ukingo wa bawa la kulia, na uwazi uliomo kati ya mabawa na mwili huikuza sauti. Jike huisikia kwa masikio yaliyo kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti.

Anapatikana mashariki mwa Marekani, toka Texas hadi Massachusetts, lakini wimbo haufanani kote. Wa kaskazini-mashariki huimba polepole. Wa kusini-magharibi, Texas ikiwemo, huimba kwa namna tofauti. Kwa tofauti hizo wataalamu huyatambua makundi ya spishi hii.

Akianguka chini, hutembea hadi kwenye shina na kuukwea mti upya. Mayai hutagwa mitini wakati wa vuli na hungoja baridi ipite. Kwa hiyo mwaloni ukikatwa, kizazi kijacho huondoka nao, na mdudu asiyepaa hawezi kuhamia msitu wa mbali. Tunaotaka aendelee kuimba tuiache mialoni mikubwa isimame, tena karibukaribu.