Nani Ameshikilia Kufuli?

Tovuti iliyoandikwa kwa PHP na kuweka data zake kwenye SQLite huweza kwenda miezi mingi salama, kisha siku wateja wakizidi ikaanza kutoa ujumbe “database is locked”, yaani kanzidata imefungwa. Wengi hulaumu wingi wa wateja. Mimi huanza kumtafuta aliyeshika kufuli.

SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, haina seva yake. Kanzidata nzima ni faili moja kwenye diski, na kila skripti hulifungua yenyewe. Wasomaji wanaweza kuwa wengi kwa pamoja. Mwandishi ni mmoja tu. Kwa kawaida zamu yake huwa fupi mno hata foleni isionekane. Shida huja pale skripti inapofungua muamala, ikaandika oda, kisha kabla ya COMMIT ikaita huduma ya kutuma SMS na kungoja jibu. Mtandao ukisuasua, kila anayetaka kuandika husimama. SMS itumwe baada ya COMMIT, basi.

Kuna kipimo rahisi ambacho watu hukisahau: kosa lilichukua muda gani kutokea? SQLite yenyewe haingoji hata kidogo usipoiagiza kwa PRAGMA busy_timeout, ila PDO ya PHP huiwekea sekunde 60 na moduli ya sqlite3 ya Python sekunde 5. Kosa likija baada ya muda huo kwisha, kuna mtu kakaa na kufuli. Likija papo hapo ingawa muda umewekwa, shuku muamala ulioanza kwa kusoma kisha ukataka kuandika. Skripti mbili za namna hiyo zingengojeana milele, kwa hiyo SQLite huikataa moja bila kusubiri. Hapo kuongeza sekunde ni kazi bure. Anza muamala kwa BEGIN IMMEDIATE, ushike zamu ya kuandika tangu mwanzo.

Mtindo wa WAL, uliokuja na toleo la 3.7.0 mwaka 2010, huwaacha wasomaji waendelee wakati mwandishi anaandika. Hauongezi mwandishi wa pili, wala haufai kwa diski inayotumiwa na kompyuta kadhaa kupitia mtandao.

Kumjua mshika kufuli kwenye Linux, endesha lsof au fuser juu ya faili la kanzidata, uone michakato iliyolifungua. Mara nyingi utakuta kazi ya cron iliyokwama, au programu ya kutazama kanzidata ambayo mtu amebadilisha kitu asihifadhi.

Ukiona pembeni faili lenye jina linaloishia -journal, usilifute ukidhani ndilo kufuli. Kama skripti ilizimika katikati ya kuandika, humo ndimo zilimo kurasa za awali. Kanzidata ikifunguliwa na kusomwa tena, SQLite itazirudisha yenyewe.