Deni la Leta, mali ya Gécamines: mutumikaji ajifunze nini?

Ndugu watumikaji, kesi hii ilikatwa mbali, kule London, tarehe 17 Julai 2012. Lakini inatuhusu siye watu wa machimbo.

Kampuni Energoinvest ya Sarajevo ilijengea Kongo laini kubwa za umeme, Leta haikumaliza kulipa. Mwaka 2003 Leta na SNEL wakahukumiwa walipe. Kisha FG Hemisphere, kampuni ya Marekani, ikanunua deni lile. Pamoja na faida, lilipita dola milioni 100.

FG Hemisphere ikatafuta mali ya kukamata. Kwenye kisiwa cha Jersey kuliandikishwa GTL, kampuni ya terili kubwa ya Lubumbashi, na Gécamines ilikuwa na sehemu 20 kwa 100 ndani yake. Tribinali za Jersey zikasema: Gécamines na Leta ni kitu kimoja, mali ichukuliwe. Wakubwa wa Gécamines wakapanda mpaka Privy Council, tribinali ya mwisho ya rufaa, nayo ikavunja hukumu ile. Ilisema kampuni ya Leta yenye uongozi wake, hesabu yake na biashara yake si Leta, hata kama Leta ndiyo inaiwekea wakubwa.

Ilikuwa haki. Shaba ya watumikaji haikupashwa kulipa deni la umeme. Lakini ukuta ule una pande mbili. Kama deni la Leta haliingie kwa kampuni, deni la kampuni nalo haliingie kwa Leta kwa urahisi. Muulize wazee wa SOMINKI hapa Kivu: kampuni ilikufa mwaka 1997, wao wakabaki miaka na miaka wakidai dekonte ya mwisho, kila mulango wanaambiwa wabishe kwingine. Watumikaji wa SNCC, wa reli, nao wafikiri hivyo hivyo.

Basi, kabla ya kushuka shimoni, ujue jina lililo kwenye mukataba wako: ni Leta, ni kampuni, ao ni mutu wa katikati? Chunga mukataba na fishi za malipo. Bibi nyumbani ajue zinalala wapi. Mushahara ukikawia, enda mapema kwa Inspekta wa Kazi pamoja na sendika. Kwa Kode ya Kazi ya 2002, kudai mushahara kunakufa kisha mwaka 1. Kampuni idaiwe ingali hai.